Siku nilishika antenne mpaka padri akalala chini

Ndiyo, ni miye. Ule mwanamuke munasikia habari yake, mwenye alisimama juu ya mabati kule Kadutu na combinaison ya rose, ile nguo ya ndani ya kuvaa chini ya kikwembe, mikono yote mbili ku antenne, watu wakimuangalia kama wako ku cinéma, si mwingine, ni miye Mama Ombeni, na mbele muanze kucheka nawaambia kabisa aibu nilisikia, na ingali iko, lakini mutasikiliza mpaka mwisho, maana vile wanaielezea kule Mudaka si vile ilikuwa.

Siku ile muramu wangu Pacifique, mutoto wa mwisho wa mama mukwe wangu, alikuwa anapewa upadri ku cathédrale. Jamaa yote ilienda, hata watoto wangu, hata papa wao mwenye hapendake misa ndefu. Mama mukwe peke hakuweza, juu alivunjika muguu mu shamba yake ya Mudaka, na hakuna mutu angemubeba ku ngazi zetu za udongo (wenye munajua muteremuko yetu munaelewa). Asubuhi yote alilia bila sauti. Njo nikasema kwa kinywa yangu: Maman, miye nitabaki na weye, chaîne ya télé ya hapa mu muji itaonyesha misa en direct, utamuona mutoto wako akilala chini kifudifudi mbele ya askofu, vile wanafanyaka wenye kupewa upadri, utamuona kuliko wale wa banc ya mbele. Niliahidi mbele ya wote, na Tonton Déo, ndugu mukubwa wa marehemu baba mukwe wangu, mwenye njo kichwa ya jamaa, aliguna tu akaenda.

Sasa sikilizeni ujinga yangu. Nilikuwa nimefua mablanketi yote ya nyumba juu ya wageni, kamba ya kuanikia ikakosa fasi ya kufungia, nikaona ile poteau ya antenne, chuma yenye inatoka chini mpaka juu ya mabati, imesimama bule, nikafunga pale. Nani hafungake pale? Kadutu nzima inafunga pale. Lakini blanketi yenye maji iko na uzito kama mutu, pole pole ikavuta poteau, antenne ikageuka ikaangalia ziwa, na ziwa haina télé.

Nikawasha, inaandika hakuna signal. Nikachomoa câble nikarudisha, nikapuliza, nikapiga décodeur kidogo ku mugongo, haiko. Nikajiambia, si weye ulisoma, fanya recherche automatique. Ile njo iliniua. Mashini ikatafuta, ikatafuta, haikuona kitu, halafu ikafuta hata ma-chaîne yenye ilikuwa inakumbuka, ikaandika zéro. Nikaita bwana yangu, téléphone imefungwa (mara ya kwanza anatii mapadri). Wanaume wa avenue wote wako ku cathédrale. Na mama mukwe amekaa pale, rozari mu mukono, kitambaa ya sikukuu ku kichwa, ananiuliza na upole: "Bado?"

Ile "bado" njo ilinipandisha.

Kwetu mwanamuke hapandake juu ya nyumba. Iko mwiko, wazee wanasema ni kama kukanyaga bwana yako ku kichwa, na nilikuwa najua, musiseme sikujua. Lakini wenye waliweka ule mwiko walikuwa na télé? Tena nyuma ya nyumba yetu kilima inashuka mpaka karibu na mabati, ngazi haina kazi, unanyanyua tu muguu. Nikamupa mama mukwe télécommande, nikamuonyesha bouton ya katikati, ya kuanzisha recherche tena, abonyeze nikimuambia, nikatoka bila kumuelezea naenda wapi.

Nikafungua kamba, mablanketi ikaanguka chini, nikageuza antenne kuelekea kilima kwenye wanarushia picha, nikaita Maman abonyeze. Mashini ikatafuta tena, halafu akajibu kuko watu. Nikaachilia, akasema wamepotea. Nikashika, akasema wamerudi. Vis ya poteau, skrubu yake, ilikuwa imelegea yote, nikiachilia inazunguka inarudi kuangalia ziwa, nikishika misa iko. Basi miye njo nikakuwa vis.

Na pale pale upepo ikakuja ikakamata kikwembe nilijifunga ku kiuno. Nilisikia inafunguka, nikabana magoti, lakini mikono ilikuwa na kazi yake. Kikwembe ikateleza ku mabati pole pole kama iko na haya yake, ikaenda kuanguka mu parcelle ya jirani. Na munajua nyumba zetu za ku kilima, mutu akipita njia ya juu macho yake iko sawa sawa na paa yangu. Mamans wenye vitunga wakasimama, motard akazima pikipiki yake, mwingine akatosha téléphone akaanza kunipiga picha, na miye siwezi hata kujifunika uso.

Chini kule mama mukwe akasikia mabati inalia.

"Nani iko juu ya nyumba?"

"Ni miye, Maman."

Sasa mujue, yeye njo alinifundisha miiko yote wakati niliolewa, moja moja, na kidole. Nikakaza antenne na mikono yote mbili. Na Mungu hachoke, wakati ule ule Tonton Déo na wazee wenzake wakatokea ku njia ya juu, walitoka mu misa mbele iishe ili watayarishe kasiksi, ile pombe ya ndizi, ya wageni. Akaniona.

"Muke ya mutoto wetu, shuka."

Nikamuambia Tonton, nikiachilia, Maman hataona. Akarudilia neno yake moja. Nawaambia kweli, vidole vilikuwa vimeanza kufunguka, maana mutu anaweza kuvumilia picha na kucheka, lakini kichwa ya jamaa ni kichwa ya jamaa. Njo sauti ikatoka chini ya mabati, kavu, haina machozi tena:

"Usishuke. Bado hajalala chini."

Tonton akaangalia paa kama nyumba yenyewe imesema. Na miye nikanyoosha mugongo. Kama wameshaona combinaison, basi waione vizuri. Nikasimama, jua inanichoma, mikono inakufa, mpaka nikasikia vigelegele, sauti moja tu ya mumama muzee, nyembamba, ndefu, nikajua Pacifique amelala chini mbele ya monseigneur. Kadutu nzima iliniona miye, miye sikuona hata kiatu yake.

Jioni wakanikalisha mu salon. Tonton akasema mwiko imevunjwa, nilete kuku ya kuosha nyumba. Bwana yangu alikuwa anachunguza viatu vyake. Padri mupya alificha kicheko mu mukono ya kanzu, ile niliona. Halafu mama mukwe akauliza wale wa kanisa waliona nini. Wakaangaliana, wakasema ukweli, watu walikuwa wengi, waliona migongo.

"Miye niliona uso yake akisimama," akasema. "Alikuwa analia. Alikuwa anaangalia huku na huku mu watu, anatafuta mutu."

Pacifique akaacha kucheka.

"Alikuwa ananitafuta miye," Maman akaendelea. "Basi kuku ipikwe, mwiko ni mwiko. Lakini firigisi apewe huyu."

Firigisi, kwetu, ni ya mwanaume mwenye nyumba, mwanamuke haionje, kama vile hapandake paa. Basi naapa mbele yenu, kamba ya nguo sitafunga tena ku poteau ya antenne, hata mvua inyeshe wiki nzima, mablanketi itakauka ku majani. Lakini kuapa sitapanda tena juu ya mabati, ile hamutaisikia ku kinywa yangu. Firigisi nilikula, pole pole, Tonton iko ananiangalia, na sababu ilikosa chumvi kidogo, nikamuomba anisogezee.