Pambizo Alizoziacha Maalim Humoud

Maalim Humoud wa Pujini alisomesha jiografia miaka mingi, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye hati za kale, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Alipostaafu alianzisha darasa la Jumamosi mjini Chake Chake, katika chumba cha kuazima. Hati alizipiga picha kwa kamera ya dijitali, akazionyesha ukutani kwa projekta. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, jirani hendi mazikoni kwa jirani kwa sababu ya bendera. Mle chumbani vijana wa vyama vyote walikaa benchi moja, wakigombania nukta za herufi.

"Maalim, huyu kadhi aliandika kwa ukucha wa kuku!" alilalamika Fahmi, mmoja wa vijana hao.

"Afadhali ukucha wake kuliko mkono wako," mwenzake Kijakazi akamjibu.

Hati zilikuwa hukumu za kadhi, babu wa babu yake Bi Zuweina wa Mtambile. Ukoo ulizificha sandukuni tangu walipopoteza mashamba. Bibi alikubali zipigwe picha, ila zisitoke nyumbani.

Mwanafunzi mgeni huogopa ukurasa uliojaa. Kwa hiyo Humoud alisogeza kamera karibu, akachukua mistari ya katikati tu ili herufi zionekane kubwa. Pambizoni, ambapo kadhi aliandika kimshazari majina ya mashahidi na sababu za hukumu, alipaacha mpaka vijana wakomae. Alipomaliza kupiga picha alimwambia Bi Zuweina kwa furaha, "Sasa hazipotei tena, bibi."

Vijana walikomaa upesi kuliko alivyotaraji. Baada ya masika alirudi Mtambile na kamera yake, akapige na pambizo.

"Karatasi? N'shazizika, mwanangu," alisema Bi Zuweina.

"Umezizika?"

"Zina aya za Mungu, na mchwa washaziingia. Mie nilichelea kuzizika kwa kuwa hazina nakala. Weye ukanambia hazipotei. Nikashukuru, nikazifunga kwa kitambaa cheupe, mjukuu wangu Qais akazichimbia nyuma ya msikiti. Au nimekosa?"

Humoud alimtazama. Bibi alikuwa ametua mzigo wa maisha yake yote.

"Hukukosa, bibi. Ndivyo zinavyostahiwa."

Hakumwambia kuwa pambizo hazimo pichani. Na sisi wengine tuseme nini? Tuna fulana za kampeni za kuivisha hata minazi, lakini kisiwa kizima hatukuwa na chumba kimoja cha kuwekea karatasi zile, wala mtu wa kumuuliza mzee yule, "Umepiga ukurasa wote?"

Jumamosi iliyofuata Kijakazi alisoma hukumu ya shamba la mikarafuu bila kukwama, mpaka pale picha ilipoishia.

"Maalim, mashahidi walikuwa nani?"

Humoud aliwahi kuyasoma majina yale, karatasi ameielekeza dirishani. Aliandika moja ubaoni. Akasita, huenda lilikuwa la kesi nyengine. Akalifuta kwa kiganja.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nikijua."