Baba Kwenye Msitu wa Mivule

Baba aliutumia ujana wake kukata miti. Kabla sijazaliwa, serikali ya wakoloni iliwakusanya vijana wa Kishapu na mashoka yao, ikawaambia kwamba mbung'o wanaoua ng'ombe na watu wanajificha vichakani, kwa hiyo vichaka vyote viondoke. Wakafyeka kutoka kilima hadi kilima. Mbung'o waliondoka kweli. Baadaye ikaja pamba, na kilichobaki kikafyekwa kwa ajili ya pamba. Mimi nilikulia kwenye vumbi. Tulipikia mavi makavu ya ng'ombe na vijiti vya pamba, na nilipoanza kufundisha shule ya msingi, somo la misitu nililifundisha kwa kukariri tu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini Baba alipoanza kushindwa kumeza. Ulianza ugali, ikafuata michembe, viazi vitamu vya kukausha, hata ikichemshwa ikalainika, mwishowe uji nao ukawa unarudi. Hospitali ya Shinyanga wakatupa barua ya kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam. Mama alibaki na mifugo. Aliyepaswa kumpeleka ni kaka yangu, mtoto wa kiume pekee, lakini kaka alikuwa Geita akichimba dhahabu, na yeye na Baba hawakuwa wakisemeshana. Aliondoka katikati ya palizi. Alimswaga maksai wa kulimia bila kuomba, akamuuza njiani. Baba akatamka mbele ya ukoo kwamba mguu wa kijana yule usikanyage tena ua wake. Ilikuwa imepita miaka minne, na hakuna aliyethubutu kulitaja jina la kaka pale nyumbani isipokuwa Mama, tena akiwa kwenye mawe ya kusagia.

Tulisafiri kwa treni, Baba akiwa ameshika chupa yake ya maji mapajani bila kunywa. Tulifikia kwa shemeji, mume wa marehemu dada yangu, aliyekuwa mlinzi wa msitu wa serikali nje kidogo ya jiji.

Hospitalini walimpima kwa siku kadhaa. Siku ya mwisho daktari mmoja kijana aliniita pembeni. Akanieleza kwamba uvimbe umeziba njia ya chakula na umeshashuka mbali, hauwezi kupasuliwa.

"Mrudishe nyumbani, mwalimu," akasema. "Akae na watu wake."

Akaniuliza kama ninataka amweleze mgonjwa mwenyewe. Nikamjibu kwamba nitamweleza mimi.

Treni ya kurudi ilikuwa baada ya siku tatu. Nilimweleza shemeji habari ile, naye kwa kukosa la kufanya akasema tumpeleke mzee akauone msitu anaoulinda. Baba hakuwa na hamu, lakini si vizuri kumkatalia mkwe, akachukua fimbo yake tukaenda.

Sikuwa nimewahi kuingia mahali ambapo jua linazuiwa. Nje kulikuwa na joto la pwani, ndani mle kukawa na ubaridi kama wa chumba chenye mtungi. Ardhi ilikuwa laini, majani juu ya majani, na kima walikuwa wakiruka juu sana, tukisikia matawi tu. Shemeji alitutangulia akitutajia miti, huu mbambakofi, ule msandarusi. Halafu tukafika kwenye mvule mmoja, akanyamaza, akatuachia tuutazame wenyewe.

Baba aliuweka mkono wake kwenye gome. Akaanza kuuzunguka polepole, mkono haujaondoka kwenye mti, mpaka akapotea upande wa pili. Alikawia huko hata nikataka kumfuata. Alipotokea alikuwa ameshaanza kuutazama kwa jicho la kazi. Alinionyesha kwa fimbo mahali ambapo shoka la kwanza lingeingia, akasema ungeangukia bondeni, na kwamba wao, watu wanane wa kundi lake, wangeumaliza kwa siku mbili.

Shemeji akatabasamu kwa adabu. Akamwambia haukatwi, sheria inakataza.

Baba akauliza sheria hiyo imeanza lini. Shemeji akajibu kwamba ni ya zamani, iliwekwa na wakoloni.

"Wale wale?" Baba akauliza.

"Wale wale, mzee."

Baba akaishusha fimbo. Shemeji akaomba radhi, akaenda kukagua mahali alipohisi watu wamechoma mkaa. Tukabaki wawili. Baba akajishusha akaketi juu ya mzizi ulioinuka kama benchi, nami nikachuchumaa mbele yake. Shingo yake ilikuwa imekonda hata kola ya shati ilimzunguka bila kumgusa. Alizungumza Kisukuma, kwa sauti ndogo.

"Mwanangu, daktari alikwambia nini?"

Nikamwambia daktari amesema dawa zitachukua muda.

"Usinifiche. Kama ni safari, niambie. Kuna mtu inabidi nimwite."

Nilijua ni nani. Lilikuwa neno ambalo Mama alilingoja miaka minne, na lilitamkwa mbele yangu peke yangu. Nilichotakiwa kufanya ni kusema ndiyo, Baba, mwite. Badala yake nilisikia sauti yangu, ile ya darasani ninayowatulizia watoto wanaoogopa sindano, ikisema, "Utapona, Baba. Mvua zikianza utakuwa unakula ugali."

Alinitazama kwa muda mrefu. Sijui mpaka leo kama aliniamini au alinihurumia.

"Basi asubiri," akasema. "Nikipona nitamfuata mwenyewe huko Geita. Nilimfukuza kwa kinywa changu. Siwezi kumtumia karatasi."

Shemeji akarudi, tukaondoka.

Nimejitafutia sababu nyingi. Kwamba nilitaka nimwambie ndani ya treni. Kwamba ndani ya treni kulikuwa na watu. Kwamba ni Mama aliyestahili kusikia kwanza. Ukweli ni kwamba niliogopa kuuona uso wake ukipokea habari ile, na nilipoukwepa mara moja, sikuweza tena kuurudia.

Nyumbani alikaa kama miezi miwili. Siku moja alikuja kumwona mzee mwenzake aliyefyeka naye pori. Baba alimsimulia habari za ule mvule, unene wake na kivuli chake, na jinsi unavyolindwa na mtu mwenye bunduki. Mwenzake alisikiliza mpaka mwisho.

"Hata huo," akasema, "wangetuambia tuukate, tungeukata."

"Tungeukata," Baba akakubali.

Nilipoona Baba hawezi tena kukaa bila kuegemezwa, nilimwandikia kaka barua, nikampa mfanyabiashara mmoja wa pamba aliyekuwa akienda Geita. Nilichelewa. Kaka alikuwa amehama, ameingia kwenye duara jingine, shimo la mbali zaidi, na barua ilipita mikono mingi. Baba mwishoni hakuwa na sauti. Alikuwa akininyooshea kidole kuelekea mlangoni, kuuliza kama mvua zimeanza. Nikawa namwambia bado. Alifariki kukiwa bado kukavu.

Kaka alifika siku ya tatu baada ya mazishi, udongo mwekundu wa shimoni ungali kwenye suruali. Hakuingia uani. Alisimama nje, akauliza jambo moja.

"Alinitaja?"

Ningeweza kumdanganya na yeye. Nilimweleza yote, daktari, msitu, na nililomjibu Baba. Nilidhani ukweli ungemfaa. Alinisikiliza huku akiitazama miguu yake.

"Kwa hiyo alinisamehe," akasema, "na wewe ukalikalia neno lake."

Mama alimvuta ndani, akamletea uji. Hakuugusa. Asubuhi alikwenda kaburini peke yake, akarudi kumuaga Mama, akashika njia ya Geita. Hakurudi tena Kishapu. Zilikuja salamu kwa watu, siku moja kanga ya Mama, halafu hata salamu zikakoma.

Mama hakunilaumu hata kwa neno moja. Hakujua kusoma, na tangu nilipoanza shule ni mimi niliyemwandikia barua zake zote. Baada ya msiba ule, alipotaka kumwandikia kaka, aliamka mapema, akajifunga kanga yake nzuri, akanipita nikiwa uani nasahihisha madaftari, akatembea mpaka kigangoni kumwomba katekista amwandikie.