Mkono wa Shati na Seli za Kiinitete

Tulikuwa wanne siku hiyo katika chumba chetu cha mtaa wa Jericho: mimi, dada mkubwa, kwenye cherehani, mdogo wangu wa chuo kikuu, kitinda mimba wetu akiosha vyombo, na mama jirani wa mlango wa tatu aliyeleta shati la shule la mwanawe. Mama yetu alikuwa amezikwa wiki tatu kabla. Baba tulishazoea kutokuwepo kwake. Sikuwa nalia. Nilikuwa nashona tu.

Mdogo wangu angeulizwa maswali ya mtihani na walimu wake kesho yake asubuhi. Alishashindwa mara moja, wiki ya matanga. Akishindwa tena angerudia mwaka, na wafadhili walisema mwaka wa kurudia hawaulipi. Basi akatueleza somo lake bila daftari, ajizoeze. Somo lilikuwa seli shina za kiinitete, zile za siku za kwanza ambazo mwili wote hutokana nazo. Uzi wa DNA ukikatika, alisema, seli hizo huunganisha ncha mbili upesi kwa sababu hazina muda.

Mimi niliacha shule kidato cha pili. Lakini mkono mmoja wa shati lile ulikuwa umeraruka, na najua ukishona ncha kwa ncha unapoteza kitambaa. Nikamuuliza mbona basi watu hawazaliwi na upungufu kila mahali.

"Siz, usinichanganye," akasema.

Nikachukua mkono wa pili kumwonyesha. Nikaukata katikati, nikakunja ncha, nikashona. Ukawa mfupi kwa vidole viwili. Nikamwambia fundi wa kweli huufumua ule usio na kasoro, akaulaza juu ya kitambaa kipya na kukata kwa kuufuata.

Akafungua daftari, akasoma kimya. Alikuwa amekosea. Seli nyingi zilizokomaa ndizo hufunga ncha kwa ncha. Hizi za kiinitete hutegemea zaidi nakala: kabla ya kugawanyika huwa zimenakili DNA yote, na palipokatika hufuata ile nakala nzima, herufi kwa herufi.

Nikauliza, na uharibifu ukizidi? Akasema seli hufa, au huacha kuwa seli shina, isije ikarithisha kosa. Nikamkumbuka mama, nikangoja nihisi kitu. Sikuhisi.

"Na shati langu nalo ndio limekufa?" akauliza mama jirani.

Ndipo nikaona. Mkono mmoja ulikuwa umeraruka, mwingine nimeukata mwenyewe. Hapakuwa na mzima wa kufuata. Kitinda mimba akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Kesho yake walimu waliuliza hilohilo, kwa nini nakala na si ncha. Alijibu, akapita. Aliponipigia simu nilisema sawa, nikaendelea na pindo la pazia la mteja.

Mtoto wa jirani alivaa sweta shuleni wiki nzima badala ya shati, na jua linawaka. Mama yake hajanidai. Tukikutana kwenye bomba huniita tu, "Fundi," nami naitika. Shati bado sijamshonea.