Jinsi Tulivyofanywa Maskini Mara Mbili

Mama yangu hajawahi kuwa tajiri, lakini vitambaa anavyo. Ni vya kufuma kwa mkono, vyeupe, vyenye maua pembeni: vya makochi, vya meza, cha redio, cha birika, na kimoja cha kufunika rimoti ya televisheni ambacho mpaka leo sijaelewa kazi yake. Tuliishi katika nyumba ya vyumba viwili kwenye mtaa mmoja wa zamani wa Eastlands. Baba aliendesha lori la kiwanda cha sabuni Industrial Area, na mama alifuma. Mgeni akiingia kwetu akakaa bila kuvisifu vile vitambaa, mama alimwekea kinyongo mwaka mzima.

Mwaka huo wa kampeni nilikuwa naposwa. Familia ya mchumba wangu ni watu wa Murang'a walio na duka la vifaa vya ujenzi Donholm, na mama yake alikuwa ametuma salamu kwamba angekuja Jumamosi fulani kuona nyumbani kwetu. Mama alikuwa na hofu moja tu, nayo aliitaja kila siku akipiga deki: wasije wakadhani wananiokota.

Wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo, msichana mmoja wa kampeni alibisha hodi. Alikuwa na miwani mikubwa na viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukutana na tope. Alisema mheshimiwa wake, aliyekuwa akigombea kiti, anatafuta nyumba ya kula chakula cha mchana pamoja na wananchi. Mama alikubali kabla sentensi haijaisha. Maisha yake yote mgeni mkubwa alipelekwa kwenye nyumba nzuri. Kama mtaa mzima umepekuliwa na nyumba iliyochaguliwa ni yake, basi sifa za vitambaa zilikuwa zimefika mbali.

Siku yenyewe mama aliamka na kusugua sakafu mpaka ikang'aa. Mama fua, mwanamke wa mabanda ya Mathare aliyekuwa akija kutufulia kila wiki, aliitwa kuja kusaidia kupika. Alipoambiwa kuna mgeni alivaa gauni lake la kijani la marinda na kofia ya kanisani, pana, yenye ua upande mmoja. Mimi nilipanga glasi sita za kabatini, zile za harusi ya mama, ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzinywea.

Yule msichana wa miwani aliingia na vijana wanne, akasimama katikati ya sebule, akageuka polepole.

"Mathe," akasema, "hii nyumba iko poa sana."

"Asante, mwanangu."

"Hapana, iko poa mpaka ni shida."

Wakaanza kutoa vitu. Televisheni ilitoka, makochi yakatoka kwenda kwa jirani, kabati likafunikwa gunia. Mtungi wa gesi ulisukumwa chini ya kitanda, na kwenye pikapu yao wakateremsha jiko la makaa lililokwisha kutoboka, sufuria lenye masizi, na koroboi. Walituletea umaskini kwa gari, jamani, ukiwa umepangwa vizuri kwenye kreti. Koroboi waliiwasha saa saba mchana. Vitambaa vilikunjwa vyote, na mama akapewa leso iliyopauka ajifunge. Aliishika kwa vidole viwili. Lakini mgeni alikuwa ameshakaribishwa, na mama yangu hafukuzi mgeni.

Msichana alipomwona mama fua alitikisa kichwa. "Huyu hapana. Amependeza sana, ataharibu picha." Akamwomba asimame nje, karibu na kamba za nguo. Mtu pekee pale ambaye nyumbani kwake hawangehitaji kuhamisha kitu alikaa nje na kofia yake, akila mahindi ya kuchoma.

Mheshimiwa alifika kwa miguu. Gari alikuwa ameliacha kwenye lami, na viatu vikuukuu alivyovaa vilitoka kwenye mfuko uliobebwa na dereva. Hayo nilisimuliwa na watoto, na watoto wa mtaa wetu hawakosi kitu. Aliketi juu ya debe. Aliushika ugali kama mtu anayeshika sabuni inayoteleza, akaungua kidole, akasema, "Nimekulia maisha haya haya." Mama akampulizia tonge. Huruma ilimshika kweli.

Jioni picha ilikuwa kwenye kila simu. Mama na leso yake, koroboi, debe, na chini yake maandishi: *Mama huyu hajui kesho atakula nini.* Mama alisoma mara mbili, akatazama beseni lililokuwa na mahindi na maharagwe aliyoloweka tangu asubuhi. "Mimi sijui?" akauliza. "Si ni githeri?"

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Mama hakukasirika, alipanga. Wapinzani wa yule bwana waliposikia habari na kuomba nao waje, aliwakubali mara moja. Hesabu zake zilikuwa wazi: hawa ni maadui zake, watataka kumuumbua, kwa hivyo wataipiga picha nyumba ilivyo. Akafua vitambaa upya. Akavitia wanga.

Baba alicheka. Kwa miezi alikuwa akisikiliza wale wagombea wawili kwenye redio ya lori. "Mmoja anasema mabwanyenye wametuibia," alituambia, "mwingine anasema matajiri wametupora. Wote wawili nimewaona kwenye foleni, vioo vimefungwa." Lakini mtaani watu walikuwa wakishikana mashati kwa ajili yao. Jirani wa kulia hakuwa akimwamkua jirani wa kushoto, na wote wawili walisubiri maji kwenye mfereji uleule uliokuwa mkavu.

Timu ya upande wa pili iliingia, ikatazama vitambaa, ikatazama makochi. Kiongozi wao, kijana mpole mwenye ndevu, alikuna shingo.

"Mum, samahani. Ile koroboi ya wale wengine bado mnayo?"

Tulikuwa nayo. Wenyewe walikuwa wameisahau. Ikawashwa tena, mchana kweupe, na makochi yakatoka tena kwenda kwa jirani, ambaye safari hii alikuwa amekwisha kuyatengea nafasi. Mgombea huyu wa pili alipofika hakula. Yeye aliosha vyombo, akavunja glasi moja ya harusi, akasema kwamba hata mama yake aliosha vyombo. Maandishi ya picha yake yalisema: *Walikula kwake, wakamsahau.* Mama alikuwa amevaa leso ileile.

Mmoja wao baadaye alishinda. Nikisema ni yupi utaanza kubishana na mimi, na nina kazi za kufanya.

Jumatano kabla ya ugeni, simu ya mama ililia. Alikuwa mama mkwe wangu mtarajiwa. Nilimsikia vizuri kwa sababu alizungumza kwa sauti ile ya mtu anayezungumza na mgonjwa. "Dada, tumeona. Poleni sana. Tafadhali msipike. Sisi tutabeba kila kitu."

Mama aliweka simu chini akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu vitimbi vile vianze nilimwona akilia, na alilia vibaya, kwa hasira, akijipangusa kwa kitambaa cha redio. "Wataambiana walikuokota," akasema. Nilitaka kumwambia haidhuru, lakini ilinidhuru mimi pia. Nilimpenda yule kijana. Sikutaka kuingia kwao nikiwa msichana wa koroboi.

Jumamosi mama hakuacha mahali patupu. Alitandaza vitambaa mpaka juu ya mtungi wa gesi, ambao safari hii aliuweka sebuleni ili uonekane. Alivaa kitenge cha mabega yaliyoinuka. Mama fua alikuwa jikoni tangu asubuhi na gauni lake la kijani, kofia kichwani, akisimamia pilau.

Mama mkwe aliingia amevaa malapa na rinda la shambani, ili asituaibishe. Nyuma yake kijana wa dukani alibeba bandali zima la pakiti za unga, na blanketi juu yake. Alisimama mlangoni akatazama makochi, kabati, glasi tano, mtungi uliovaa kitambaa. Mama naye akatazama malapa.

"Karibu," mama akasema. "Na huo unga?"

"Ni... wa zawadi."

Halafu mama yangu alianza kucheka, yule mwenzake akafuata, wakashikana mikono wakicheka mpaka ikabidi wakae. Habari yote ilisimuliwa, na koroboi ikatolewa kama ushahidi. Mama mkwe alipapasa kitambaa cha kochi akauliza kama angeweza kufumiwa seti nzima. Nikajua nimeolewa.

Tulipomaliza kula, mama mkwe alikataa katakata kuurudisha unga. Mama, kwa furaha aliyokuwa nayo, akasema basi apewe mama fua, akamwita kutoka jikoni. Mama mkwe akasema tupige picha, aitume kwa kikundi chao cha akina mama. Nikachukua simu, mwepesi kama nini.

"Simama pale mlangoni," nikamwambia mama fua. "Hapo kwenye kochi vitambaa vinaonekana. Shika unga. Na hiyo kofia, hebu ivue kidogo."

Mama fua aliweka mkono juu ya kofia. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Niivue kwa nini?"

Jibu nilikuwa nalo, na kila mtu mle ndani alilijua. Mama alinitazama, na uso wake ulikuwa uleule wa siku aliyofungwa leso. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mama alimshika mama fua mkono akamketisha kwenye kochi kubwa, kati yake na mama mkwe. Unga akausukuma nyuma ya kabati kwa mguu. "Sasa piga," akaniambia.

Picha ipo hadi leo. Kofia imejaza nusu yake, na kidole changu kimeingia pembeni. Baadaye nililibeba lile bandali begani mimi mwenyewe mpaka Mathare, na mama fua akatangulia mbele, kofia kichwani, akisalimiana na watu.