Palizi ya Wepukhulu

Ukimsifu Wepukhulu kwa bidii atacheka, akwambie bidii hiyo hiyo nusura imtie aibu ya maisha.

Kwa miaka mingi alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mahindi huko Kitale, ambako gugu likionekana kati ya mistari mtu huona haya kana kwamba suruali imempasukia kanisani. Aliporudi kwao upande wa Bumula, akapata kazi ya kutunza mtambo wa majitaka wa kituo kidogo cha biashara. Maji ya vyoo na hoteli yalituama kwanza kwenye tangi, yakapita polepole kwenye kitanda cha kokoto kilichoota matete, ndipo yakateremka kijitoni.

Pauline, katibu wa kamati ya maji, alimweleza yote hayo. Wepukhulu aliitikia kwa kichwa bila kusikia neno. Macho yalikuwa kwenye matete, marefu kumpita. Kumbe aliyekuwa hapa alikuwa mvivu hivi?

Wiki ile ile akashika jembe. Akang'oa matete yote na mizizi yake, akayachoma, akafagia kokoto zikang'aa. Alimwita hata mkewe, Jentrix, aje aone kazi ya mwanamume.

Mizizi ile ndiyo iliyokuwa ikisafisha maji. Punde kijito kikaanza kunuka, na chini yake ndipo mama yake Jentrix alipofulia nguo. Sasa, Mbukusu na mama mkwe wake mnawajua: akimwona njiani, kwa heshima huchepuka vichakani. Huyu asiyethubutu hata kukohoa mbele yake alikuwa amempelekea choo cha soko zima.

"Baba Derrick," Jentrix alimwambia, "mama anauliza, ati ng'ombe ulizotoa zilikuwa chache, ndiyo unamwongezea na hii?"

Pauline naye alimwambia kwa upole apande matete upya, la sivyo kamati itafute mtu mvivu kumshinda.

Matete ya karibu yalikuwa ukingoni mwa shamba la mama mkwe. Wepukhulu akaenda na gunia, kofia imeshuka hadi puani, akachimba huku ameinama. Nyuma ya migomba akamsikia mama mkwe akisema na mbwa wake, kwa sauti ya kufika ng'ambo.

"Wewe mbwa, mwambie huyo mtu asichimbe kama mwizi. Yenye mizizi minene yako pale kwa jiwe. Na umwambie shamba langu lina magugu, lakini asijaribu kunisaidia."

Wepukhulu akamjibu mbwa kwa adabu kwamba amesikia.

Matete hayakushika upesi. Kila asubuhi alichota mtungi wa maji ya kufulia kisimani, akauacha langoni kwa mama mkwe, akatoroka. Kisha siku moja akakuta mtungi wa jana bado umejaa. Akatega sikio. Huko chini kijitoni, nguo zilikuwa zikipigwa juu ya jiwe.