Unyoya na Unga wa Mawe

Jirani yetu anayeua mende hana bomba la dawa. Huja na kopo la unga wa mawe, laini kama poda, na unyoya wa kuku. Alipokuja kwetu alijifunga kitambaa puani, akalala kifudifudi jikoni, shavu sakafuni, akapaka nyufa polepole kama anayempaka mtoto mafuta.

"Dada, mbona sioni kitu? Ongeza," mama alimwambia.

"Ukiuona unga, umezidi. Mende akikuta kilima anakizunguka. Huu anaupita bila habari, unamkausha."

Baada ya siku chache mende walilala chali nyuma ya jiko, na mama akamwita aje ajionee. Aliingia, akawapita bila kuwatazama, akambeba mdogo wangu anayetambaa, akamkunjua viganja, akavikagua kimoja kimoja kama vina unga.

"Haya," akasema, "sasa nionyesheni hao mende."