Siku Walipotoa Viti Vyangu Nje

Saa nne asubuhi nilikuwa nashona sare za shule, mlango wazi, nikawaona akina mama wa jumuiya wanapanda kuja kwangu. Walikuwa saba, kila mmoja kajifunga kanga kiunoni. Jumuiya yetu husali Alhamisi jioni. Ile ilikuwa Jumanne.

Mama mwenyekiti aliingia, akanishika mkono, akaniuliza kama nimekunywa chai. Wengine walinipita bila kunitazama usoni, wakaanza kutoa viti nje. Wakatoa kochi, wakatoa meza, wakabeba na cherehani yangu, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Kwetu mfiwa haambiwi. Huambiwa tu kwamba mgonjwa hali yake si nzuri sana, huku mikeka inatandikwa sebuleni kwake, na yeye ndiye wa mwisho kujua.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu, mama. Tumekuja kukusalimia tu."

"Mnanisalimia kwa kunibebea kochi?"

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua ni msiba.

Mume wangu ni mwanajeshi. Alikuwa Kongo na walinda amani kwa miezi sita, na siku nne zilikuwa zimepita bila simu yake. Siku hizo nne niliishi kama kuku aliyeona mwewe. Pikipiki ikipunguza mwendo nje, nashika ukuta. Nilikuwa sisali tena, nilikuwa nabishana. Nikiwa naosha vyombo nilimwambia Mungu amchukue yeyote anayemtaka, ila si wangu. Nilisema yeyote. Wala sikuona aibu, niliogopa mno.

Nyumba ya nne kutoka kwangu, upande wa mawe, aliishi mwanamke mwingine ambaye mumewe alikuwa Kongo, kikosi kimoja na wangu. Mume huyo ndiye aliyekuwa akituongozea sala jumuiyani. Alipenda kutafakari lile neno la mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, na kila alipolianza mimi nilitazama saa. Niliona ni neno zuri kwa wanawake ambao hawajaolewa na askari. Siku chache kabla hawajaondoka tulivuka ziwa wote wanne kwenda Kamanga kuwaaga wazazi wake, na kwenye kivuko nilimwambia mbele ya abiria, "Shemeji, huko mwendako upendo wenu uishie kwenye kugawana maji ya kunywa." Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Nitakurudishia mumeo, shemeji," akasema.

Mke wake alikuwa miongoni mwa wale saba. Ndiye aliyenikalisha mkekani, akanivua viatu, akanishika kwa nyuma nisianguke. Wake alikuwa amempigia Jumapili. Kwa hiyo ujumbe ulipozagaa kwenye simu kwamba askari wa mtaa wetu, Mabatini, ameuawa, mtaa mzima ulijua ni wangu, na yeye pamoja nao. "Jikaze, mwenzangu," akaninong'oneza. "Mimi nipo, siondoki hapa." Kisha akaenda uani kukata vitunguu vya chakula cha watu watakaokuja.

Simu yangu walishaificha, maana mfiwa hunyang'anywa simu asije akasoma mambo. Mama mwenyekiti alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga yake, ila hakujua kuizima. Wimbo ulipoanzishwa, ikalia. Akaibana kwa mkono kama mtu anayeumwa tumbo. Ikakatika, ikalia tena. Nilimrukia yule mama, mtu wa kupewa shikamoo na mtaa mzima, nikamfungua pindo mbele ya watu na kuichukua.

"Mama watoto," sauti ikasema. "Ni mimi. Niko hospitali. Ni mguu tu."

Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Wimbo ukakoma. Yeye aliongea harakaharaka kwa kuwa simu ilikuwa ya kuazima. Walikuwa wanarudi nyuma, risasi zinapigwa, ndipo akapigwa mguuni na kuanguka. Shemeji, yule rafiki yake, alikuwa ameshafika kwenye handaki.

"Alikuwa salama kabisa," mume wangu akasema. "Nilimpigia kelele asirudi. Akarudi. Kanibeba mpaka ukingoni, akanisukuma ndani. Yeye hakuwahi kuingia."

Nilisikia anavuta pumzi.

"Wakubwa wako njiani kwenda kwa mkewe. Usimwambie kitu mpaka wafike."

Viti vilipokuwa vinatolewa niliogopa, lakini hofu hii ilikuwa nyingine. Nikakata simu bila hata kumwambia mume wangu pole. Yeyote, nilikuwa nimesema, nikiwa na sabuni mikononi. Na kuna mtu ambaye hakuna aliyemwomba, alikuwa tayari mahali pa usalama, akageuka.

Jirani yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, kisu mkononi, macho mekundu kwa vitunguu.

"Ni yeye? Mzima?"

"Mzima."

Akatupa kisu, akapiga vigelegele, akaninyanyua kutoka mkekani na kunikumbatia. "Asante Yesu! Asante Yesu!" Wenzake wakaitikia. Alifurahi kana kwamba wake ndiye aliyefufuka, na mimi nilikaa mikononi mwake kama mwizi. Kisha akanitazama.

"Na wangu je? Kakwambia lolote?"

Kanga yangu ilikuwa imelegea. Nikaifunga kiunoni, nikaikaza. Nikatoka nje, nikachukua kiti kimoja, nikaanza kupanda nacho kuelekea nyumba ya nne. Mama mwenyekiti alinitazama, akainama na kuchukua cha pili.

Vigelegele vikakatika. Nyuma yetu nikamsikia jirani yangu akiuliza, kwa sauti ndogo, hivyo viti vinapelekwa wapi.